Catweazle wa shambani au Catweazle wa kasri? Msimu wa kuanza nao ukiwa na watoto

Mzee mmoja mchafu, ndevu kama katani iliyochambuliwa ovyo, amejificha kwenye mnara wa maji uliotelekezwa, na msiri wake mkubwa ni chura. Katoka karne ya 11. Alikuwa akikimbizwa na askari wa Kinormani, wavamizi waliotoka Ufaransa, akatamka maneno yake ya uganga akitaraji aruke angani kama ndege, akatumbukia majini. Alipoibuka, miaka 900 ilikuwa imeshapita juu ya kichwa chake. Nyumba zina mwanga bila moto, watu wanaongea na kitu kinachofanana na mfupa, na yeye peke yake ndiye anayeona kwamba kila mtu katika nchi hii amekuwa mchawi.

Huyo ndiye Catweazle. Ni tamthilia ya watoto iliyotungwa na Richard Carpenter, ikatengenezwa na London Weekend Television na kuonyeshwa Uingereza kupitia ITV. Ina misimu miwili tu: wa kwanza ulitoka Februari hadi Mei 1970, wa pili Januari hadi Aprili 1971. Kila msimu una sehemu 13, na kila sehemu haifiki nusu saa. Ukizijumlisha zote ni sehemu 26, basi. Haikuongezwa tena.

Kinachowachanganya wazazi ni kwamba misimu hii miwili inafanana kwa mzee na chura wake, lakini mengine karibu yote yamebadilika. Mtoto rafiki yake ni mwingine, nyumba ni nyingine, maficho ni mengine, na hata shida inayomsumbua mzee ni nyingine. Kwa hiyo unaweza kuanza na wowote bila kupotea. Mimi nimeitazama yote miwili na wanangu hapa Tanga, binti akiwa na miaka 7 na kaka yake 11, kwa diski nilizorudi nazo kutoka masomoni Uingereza. Msimu wa kwanza tumeurudia mara tatu, wa pili mara mbili. Ushauri wangu ninautoa mapema: anza na wa kwanza. Zipo hali mbili ambapo ningekuambia uanze na wa pili, nitazieleza huko mbele.

Mzee ni yule yule

Kabla ya kutofautisha, nizungumze kidogo kuhusu Geoffrey Bayldon, maana bila yeye hakuna msimu wa kwanza wala wa pili. Alizaliwa Leeds mwaka 1924, kwa hiyo alipoanza kuigiza mzee huyu alikuwa hata miaka hamsini hajafika. Ukimtazama huamini. Anatembea kwa kuchuchumaa, anarukaruka kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe, anafoka kwa pumzi kama paka, macho yanazunguka huku na huku. Halafu ghafla anatulia, anamwangalia mtoto usoni, na unaona upweke wa mtu ambaye kila aliyemjua amekwisha kufa karne nyingi zilizopita. Bayldon ndiye aliyekataa kuwa Daktari wa kwanza katika tamthilia ya Doctor Who, msafiri mwingine wa wakati ambaye Waingereza walianza kumwona mwaka 1963. Nafurahi alikataa, kwa sababu nafasi hii ilikuwa ikimngoja.

Uganga wake huenda mrama karibu kila mara. Anachanganya dawa, anaimba, anachora duara chini, kisha haitokei kitu, naye analalamika kwamba hakuna kinachofanya kazi. Wanangu walimcheka mwanzoni. Lakini baada ya sehemu tatu au nne yule mkubwa alisema jambo ambalo nimeshindwa kulisahau: "Mama, huyu babu si mjinga. Anafikiri vizuri, ila hajui." Ni kweli kabisa. Ukiwa hujawahi kuona balbu, kuiita jua lililofungiwa ndani ya chupa ni maelezo mazuri tu. Ukiona mtu kashika kifaa cheusi kilichopinda, kakiweka sikioni, na sauti ya mtu wa mbali inatoka humo, kukiita mfupa usemao ni kutumia akili. Catweazle hufika mahali pasipo sahihi kwa njia sahihi. Mtoto akishaliona hilo hamcheki tena kwa dharau, anamcheka kwa mapenzi.

Neno lake maarufu kuliko yote ni lile analouitia umeme. Kwa Kiingereza ni jina la umeme lililounganishwa na neno la hila, na utani wake haufasiriki moja kwa moja. Nyumbani kwetu tulihangaika nalo jioni nzima, mpaka tukapata letu: kiinimeme, yaani kiinimacho na umeme pamoja. Siku hizi umeme ukirudi baada ya kukatika, binti yangu hupiga kelele "kiinimeme!" na majirani hawaelewi anasema nini.

Kuhusu neno mchawi

Hili linagusa misimu yote miwili, na ni bora mzazi alifikirie kabla ya kuwasha runinga. Kwetu mchawi si mzee wa kuchekesha. Ni neno zito. Tanzania tunajua vikongwe waliouawa kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni miaka yote. Sikutaka wanangu waseme mchawi huku wakicheka, kisha kesho walitumie kwa bibi wa mtaa wa pili. Kwa hiyo tangu mwanzo nilimwita babu mganga, na mara nyingine mwanamazingaombwe. Wao wakaishia kumwita Babu Catweazle, na likakaa.

Ndani ya hadithi hakuna anayedhurika kwa uganga wake. Hakuna damu, hakuna majini ya kutisha, hakuna mtu anayelogwa akafa. Kuna mzee anayeogopa trekta. Katika hili misimu miwili iko sawa, na sioni sababu ya mtoto wa miaka sita kushindwa kulala.

Msimu wa kwanza: shamba la Hexwood

Edward Bennet ni kijana wa mkulima, nywele zake nyekundu, ndiyo maana wanamwita Carrot, yaani Karoti. Anaishi na baba yake na mfanyakazi wa shamba, Sam. Carrot anaigizwa na Robin Davies, baba yake na Charles Tingwell, Mwaustralia, na Sam na Neil McCarthy, mtu mrefu mwenye uso wa ajabu na moyo mwema. Picha nyingi zilipigwa katika shamba la kweli huko East Clandon, karibu na Guildford, na unaliona hilo: tope ni tope, kuku ni kuku, mvua ikinyesha inanyesha.

Hakuna hazina. Hakuna fumbo. Mzee anataka kitu kimoja tu, kurudi kwao. Mtoto naye anataka kitu ambacho hakisemi kwa mdomo, mtu wa kukaa naye. Nyumba ile ina wanaume wenye kazi nyingi, na mtoto mmoja anayeshinda peke yake. Ndipo anatokea mzee anayemhitaji kwa kila jambo, wa kumweleza swichi ni nini, gari ni nini, kwa nini asikimbilie msituni kila lori likipita. Kwa mara ya kwanza mtoto ndiye anayejua na mtu mzima ndiye asiyejua. Ukitaka kujua kwa nini watoto wanaupenda msimu huu, sababu ni hiyo. Binti yangu, ambaye nyumbani ndiye mdogo na kila mtu anamwelekeza, alikaa wima kwenye mkeka wiki nzima akimwelekeza babu kupitia kioo cha runinga: "Siyo hivyo, babu, bonyeza!"

Maficho ya mzee ni ule mnara wa maji, naye anauita Kasri la Saburac. Ana kisu chake cha uganga, Adamcos, anachoamini nguvu zake zote zimo humo. Ana Touchwood, chura wake, anayemweleza kila siri. Jina la chura nalo lina maana: ni kuni iliyooza inayoshika moto upesi, tena Waingereza wana desturi ya kugusa mti wanapotaka bahati isiwakimbie. Niliwaeleza watoto, wakaanza kugusa mlango kila wakitoka kwenda shule.

Udhaifu upo. Mwendo ni wa polepole, hasa kwa mtoto aliyezoea katuni zinazobadilisha picha kila sekunde mbili. Sehemu nyingi zina umbo moja: babu anaona kitu kigeni, anakielewa vibaya, anasababisha vurugu, Carrot anasawazisha kabla baba hajajua. Wahusika wa kike ni wachache mno. Na Carrot anaficha mambo na kudanganya watu wazima mara kwa mara, jambo ambalo wazazi wengine watalikunjia uso. Sisi tulilizungumza. Nilimuuliza mwanangu angefanya nini angemkuta mtu asiye na mahali pa kwenda amejificha bandani kwetu, na hatukupata jibu rahisi.

Lakini ule urudiaji ninaouita udhaifu, kwa mtoto mdogo ni faida. Anajua kitakachokuja, anakisubiri, anafurahi kikifika, kama anavyosubiri kiitikio cha hadithi ya sungura na fisi. Na kwa kuwa kila sehemu inajitegemea, ukiruka moja hujaharibu kitu, isipokuwa ya kwanza na ya mwisho. Ya mwisho andaa leso. Sisemi zaidi.

Msimu wa pili: kasri la akina Collingford

Hapa tumehama kutoka kwenye tope kwenda kwenye mazulia. Cedric ni mtoto wa Lodi na Ledi Collingford, anaishi kwenye jumba kubwa la King's Farthing lenye watumishi, bustani na chumba cha vitabu. Anaigizwa na Gary Warren, aliyeonekana pia kama Peter katika filamu ya The Railway Children ya mwaka 1970. Wazazi wake ni Moray Watson na Elspet Gray, na mtumishi Groome ni Peter Butterworth, mchekeshaji ambaye Waingereza walimzoea katika filamu za Carry On. Jumba lenyewe ni Brickendonbury, Hertfordshire.

Cedric anavaa miwani, ni msomaji, mpole. Catweazle anampa jina la Uso wa Bundi. Kwa Mwingereza hilo ni jina la utani lisilo na sumu, kwa kuwa bundi kwao ni ndege wa hekima na vitabu. Binti yangu alishtuka: "Mbona anamtukana?" Kwetu bundi akilia juu ya paa watu wanaulizana nani mgonjwa. Ikabidi nisimamishe picha na kueleza kwamba kila watu wana bundi wao.

Babu safari hii anajificha kwenye stesheni ya reli isiyotumika, Duck Halt. Miaka ile Uingereza ilikuwa na stesheni nyingi za namna hiyo, kwa kuwa baada ya ripoti ya Beeching ya kupunguza reli, ya mwaka 1963, serikali ilifunga maelfu ya stesheni ndogo. Sisi tuliokulia karibu na reli ya Tanga na Moshi hatuhitaji kuelezwa stesheni iliyolala inafananaje. Mwanangu aliipenda kuliko mnara wa maji, akataka kujua kama ile ya Korogwe ina mtu aliyejificha ndani.

Kinachoubeba msimu huu ni fumbo. Mwanzoni kabisa yanapatikana maneno ya kale yanayosema wapo kumi na wawili wanaozunguka duara, anayetaka nguvu sharti awapate wote, kisha atafute alipo wa kumi na tatu na kupaa na anayeruka. Kumi na wawili hao ni nyota za falaki. Babu, ambaye maisha yake yote ametaka kuruka, anaamini akizikusanya ishara zote ataruka hatimaye. Kila sehemu kuna ishara inayotafutwa, na inajificha mahali usipotarajia, kwenye kitu, kwenye jina, kwenye chapa. Chini yake kuna habari ya hazina ya ukoo wa Collingford.

Hapa ndipo msimu wa pili ulipotupatia jambo ambalo wa kwanza haukutupa. Mama yangu, mwenyeji wa Pangani, alikuwa amekaa nyuma yetu akichambua mchele, hatazami. Aliposikia tunahesabu nyota kwa majina ya Kiingereza akaacha ungo. Akazitaja bila kusita, kama alivyofundishwa na mjomba wake: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu, Hutu. Wanangu hawakuwahi kujua kwamba bibi yao anazijua nyota. Mkubwa akachukua daftari akaziandika safu mbili. Sehemu iitwayo Mapacha wa Mbinguni ikawa Jauza, ya Ishara ya Kaa ikawa Saratani, na kila ishara ilipopatikana ilikatwa kwa kalamu nyekundu. Kisha akamgeukia bibi: "Na wa kumi na tatu?" Bibi akasema hakuna wa kumi na tatu. Mtoto hakulala vizuri mpaka tulipofika sehemu ya mwisho.

Kwa upande wa udhaifu, msimu wa pili una kelele zaidi. Wageni wanaingia na kutoka, kuna wawinda mizuka, kuna miti inayotembea, watumishi wanakimbizana koridoni. Vichekesho ni vingi, ila urafiki wa babu na mtoto umepungua kina. Cedric ni mtoto mwema, lakini hamhitaji Catweazle kama Carrot alivyomhitaji. Wanashirikiana kazi zaidi kuliko wanavyopendana. Pia ule utaratibu wa bwana na mtumishi unachukuliwa kama kawaida tu, na mwanangu aliuliza kwa nini yule mzee Groome anapokea amri siku nzima. Ni swali zuri, uwe na jibu tayari.

Ukiziweka bega kwa bega

Lugha kwanza, kwa sababu kwa watoto wetu ndiyo kikwazo kikubwa. Catweazle anaongea Kiingereza cha kizamani chenye maneno ya Biblia za kale, na katikati yake anachomeka maneno ya uganga yasiyo na maana kwa yeyote. Mtoto anayesoma shule ya Kiswahili hataambulia mengi peke yake. Katika msimu wa kwanza hilo halimzuii sana, kwa sababu matendo yanajieleza: taa, simu, trekta, mzee anaruka. Binti yangu wakati ule Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la pili, na alicheka mahali pale pale nilipocheka mimi. Msimu wa pili unadai zaidi. Fumbo ni maneno, na ishara nyingine zinapatikana kwa mchezo wa maneno. Usipokaa karibu ukatafsiri, mtoto anabaki anauliza wamepata nini.

Historia ni sawa kwa misimu yote miwili, nayo inahitaji dakika tano kabla ya kuanza. Wanormani walitoka kaskazini mwa Ufaransa, wakavuka bahari mwaka 1066, wakamshinda mfalme Harold kule Hastings, wakaitawala Uingereza na kujenga ngome kila upande. Wanangu walikuwa wamefika Mombasa na kuiona Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kwa hiyo niliwaambia wafikirie wageni wenye silaha wanaojenga ngome ili wenyeji wajue nani mkubwa. Wakaelewa mara moja kwa nini babu anakimbia.

Kumbukumbu na subira: msimu wa kwanza unaweza kuutazama sehemu moja leo, nyingine baada ya wiki mbili. Wa pili ukiukatakata hivyo fumbo linapoa. Unahitaji wiki mbili za likizo na daftari.

Picha za misimu yote miwili ni za rangi na zimepigwa nje kwa sehemu kubwa, jambo lililokuwa na gharama kwa vipindi vya watoto vya wakati ule, na ndiyo maana hadi leo havijachakaa kama vile vya studioni vyenye kuta za mbao. Kwa uzuri wa mandhari mimi napenda shamba. Kwa vitu vya kutazama, jumba lina vingi zaidi.

Na vitabu?

Carpenter, ambaye alikuwa mwigizaji kabla ya kuwa mwandishi, aliandika pia vitabu viwili vinavyofuata misimu hiyo, cha kwanza mwaka 1970 na cha pili, chenye habari za falaki, mwaka 1971, vyote na michoro ya George Adamson. Ninavyo vyote viwili, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Kama runinga yenu haina nafasi au umeme wenu si wa kutegemea, kitabu cha kwanza kinasomeka vizuri kwa sauti usiku huku ukitafsiri papo kwa papo. Utakosa macho ya Bayldon, ambayo ni nusu ya mali yote, lakini utapata mambo ya moyoni mwa babu ambayo kamera haiwezi kuyaonyesha. Kwa fumbo la nyota, kitabu cha pili naona kinashinda hata runinga, kwa sababu mtoto anaweza kurudi nyuma na kusoma tena yale maneno ya kale kwa wakati wake.

Wenye watoto wanaokulia Ujerumani wana njia ya tatu. Tamthilia hii ilipendwa sana kule, na mwaka 2021 Wajerumani walitengeneza filamu yao, ikiongozwa na Sven Unterwaldt, na mchekeshaji Otto Waalkes akiwa Catweazle, ikihamishiwa Ujerumani ya leo. Ni burudani ya jioni moja, mwendo wa haraka, na mtoto anayeongea Kijerumani hatahitaji mkalimani. Waalkes ni mchekeshaji mkubwa na anacheza kama mchekeshaji. Bayldon alicheza kama mtu aliyepotea. Ningewaonyesha filamu hiyo baada ya msimu wa kwanza, si badala yake.

Basi uchague hivi

Una mtoto mmoja wa miaka sita hadi tisa, au mtoto mpweke wa umri wowote: msimu wa kwanza, bila kufikiri mara mbili. Hali kadhalika kama mtoto anaishi na babu au bibi aliyeanza kusahau mambo, au anayeogopa simu mpya aliyonunuliwa. Sikulipanga hili, lakini baada ya kukaa na Catweazle wanangu waliacha kumcheka bibi yao anapopiga kelele kwenye simu kana kwamba mtu wa Muscat atamsikia kwa nguvu ya mapafu. Wanamshikia, wanamwonyesha kitufe, wanasubiri.

Sasa zile hali mbili za kuanza na wa pili. Ya kwanza ni ukiwa na kundi: binamu wamekuja likizo, wapo wa miaka mitano na wa miaka kumi na tatu, na unataka kitu kitakachowaweka pamoja. Wakubwa watashika fumbo, wadogo watacheka watumishi wakikimbia, na kila mtu atakuwa na neno la kusema wakati wa chakula. Ya pili ni mtoto wa vitendawili, yule anayesoma ramani, anayehesabu hatua, anayetaka kujua siri kabla ya kujua wahusika. Mtoto wa namna hiyo ataona shamba la Hexwood halina mwelekeo. Mpe nyota kwanza, apate daftari lake, kisha akishampenda babu mrudishe nyuma amwone alivyofika mara ya kwanza.

Kwa wengine wote anza na sehemu ya kwanza ya msimu wa kwanza, iitwayo Jua Ndani ya Chupa. Itazameni usiku, taa zote zimezimwa, na babu akimaliza kuishangaa ile balbu mwachie mtoto aende mwenyewe kuwasha swichi ya sebuleni.